Kompyuta Ilinikataa, Nikamsingizia Mchumba

Mkosaji ni mimi. Nasema hivyo mapema ili usije ukafika katikati ukaanza kumtafuta mchawi. Mchawi hayupo. Kuna mimi, mdomo wangu, na kompyuta moja ya rangi ya maziwa yaliyochacha.

Jina langu sisemi ng'o! Nikilisema nitachekwa kuanzia Buzuruga mpaka Mkolani, na watakaonicheka zaidi ni wale niliowacheka mimi.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya tisini. Soko huria limeingia, mashirika ya umma yanafungwa, na kila aliyepunguzwa kazi anafungua biashara. Huyu baa, yule mitumba, yule mashine ya kusaga. Bosi wangu alipopunguzwa alifungua ofisi ya mawasiliano pale mjini: simu, faksi, fotokopi, na kompyuta yenye kijicho juu yake.

Kijicho kile ndiyo kamera. Ukikaa mbele yake, na mwenzako wa Ulaya akakaa mbele ya cha kwake, mnaonana. Picha ilikuwa inakwama kwama, mtu anafungua mdomo sasa hivi na sauti inakuja baadaye, lakini mnaonana! Leo watoto wanapigiana simu za picha hata wakiwa chooni. Wakati ule, jamani, watu walikuwa wanachungulia dirishani kwetu kuangalia tu kompyuta ikiwa imezimwa.

Na mwenye kuiendesha nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimesoma kompyuta miezi michache, kwenye chumba cha nyuma ya saluni. Basi! Nikienda nyumbani Sengerema kusalimia, siwezi hata kuchota maji bila kutaja neno "mfumo". Mama akisema kuni hazishiki, mimi namjibu kwamba mfumo wa moto una hitilafu. Nilikuwa nachefua, nakwambia. Wadogo zangu walinivumilia kwa sababu nilikuwa nawaletea mkate wa mjini.

Baba ndiye aliyenivimbisha kichwa zaidi. Akiwa mnadani, akiwa kanisani, wimbo wake ni mmoja: "Binti yangu anaendesha kompyuta." Utafikiri ni lori.

Sasa nikwambie habari za Majura.

Majura alikuwa mchumba wangu. Mjita wa upande wa Musoma, mrefu, mpole, akicheka anatikisa mabega. Alikuwa mkaguzi kwenye kiwanda kimoja cha samaki, na kila siku alikuwa na faksi ya kutuma. Baadaye niligundua nyingine alikuwa anazituma mara mbili mbili ili aendelee kukaa pale kaunta. Kiwanda kikamchagua kwenda Uholanzi kusoma. Kabla hajaondoka akatuma mshenga kwetu, mwalimu mstaafu wa kijijini kwao, na mazungumzo yakaenda vizuri. Ng'ombe wa kwanza wakaja, wakavushwa na pantoni kutoka Kigongo mpaka Busisi, wakaingia zizini kwa baba.

Lakini Majura aliondoka mbio mbio, baba hakuwahi kumwona. Hapo baba akaweka sharti.

"Ng'ombe nimewaona," akasema. "Mwenye ng'ombe sijamwona. Mtu ambaye hajawahi kunisalimia macho kwa macho simpi mtoto. Akirudi anisalimie, ndipo tupange harusi."

Kurudi kwenyewe ni miaka miwili! Mtu mwenye akili angesema sawa baba, nitangoja. Mimi nikasema, "Kungoja kwa nini? Njooni mjini Jumamosi. Nitawaonanisha kwenye kompyuta yangu." Yangu! Utafikiri niliizaa.

Majura alifurahi mpaka akapiga simu ofisini katikati ya wateja. Alikuwa amejifunza salamu ya asubuhi ya Kisukuma kwa ajili ya baba. "Sikiliza," akaniambia, "nisahihishe nikikosea. Mwangaluka, baba!" Akaitamka Kijita Kijita, kwa kishindo. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Nikamwambia atamke taratibu, anaamkia mkwe, hanadi dagaa.

Akawa ananiamkia hivyo kila akipiga simu. Nikinyanyua tu, "Mwangaluka!"

Hapa lazima nikueleze jambo la kompyuta, vumilia kidogo.

Ule mtambo wa kuonana haukuwa unamkubali kila mtu. Kompyuta yako ilikuwa inatunza ndani yake cheti cha usalama, kitu cha kuwathibitishia wenye mtambo kwamba wewe ndiye wewe. Cheti kina muda wake. Muda ukiisha unaletewa kingine. Wiki ile tulikuwa tumeletewa kipya, na bosi akaniambia nikiweke. Nikakiweka. Kile cha zamani sikukiondoa, kilibaki humo humo.

Matokeo yake, kila nikitaka kuingia, kompyuta inatoa cheti kilichokufa, na kile kizima kimelala ndani. Ni sawa na mtu anayekataliwa pantoni kwa tiketi ya jana, na ya leo anayo mfukoni. Leo nakueleza vizuri hivi kama fundi. Siku ile nilikuwa sijui hata kwamba kuna kitu cha kujua.

Jumamosi ikafika.

Wazee walikuja asubuhi na mapema, wamevaa kama wanakwenda kumpokea askofu. Baba na koti lake la kanisani. Baba mdogo Masanja na miwani ya jua, maana aliambiwa mwanga wa kompyuta unapofusha. Mshenga alikuwa amefika jana yake kutoka Musoma, na viatu vyake vinang'aa. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, na bosi akawatolea soda.

Nikawapanga. Baba nikamweka mbele ya kijicho, kwenye kiti cha pembeni mwa kaunta, karibu kabisa na simu. Baba mdogo Masanja hakukaa. Alizunguka nyuma ya kompyuta akainama kuangalia.

"Huyo mkwe atatokea upande gani?" akauliza.

"Atatokea mbele, baba mdogo. Huko nyuma ni nyaya."

"Mimi nabaki huku huku. Asije akatokea huku, nyie wote mnatazama huko."

Nilicheka kwa dharau. Mungu wangu, nilivyocheka! Saa nne ilipofika nikageukia kompyuta, nikatanua vidole kama mpiga kinanda, nikabonyeza ili niingie.

Kikatokea kijisanduku chenye maandishi ya Kiingereza. Nikabonyeza oke, kikaondoka. Nikajaribu kuingia tena. Kijisanduku kikarudi. Nikabonyeza oke. Kikarudi. Oke. Kikarudi.

Unajua kwa nini sikukisoma? Kwa sababu ningekisoma taratibu, neno kwa neno, midomo ikichezacheza, na wazee wangegundua kwamba binti yao Kiingereza kinampiga chenga. Bingwa hasomi taratibu. Bingwa anabonyeza oke!

Jasho likaanza kunitoka. Bosi akaja nyuma yangu. "Vipi, mtambo unasumbua?"

Nikamjibu haraka, "Mtambo mzima, bosi."

Baba akajikohoza. "Mwanangu, kuna tatizo?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Nilihitaji maneno mawili tu: sijui, baba. Angesema haya, tule kwanza, tutajaribu tena. Wazee wangekunywa soda ya pili na kumsengenya mzungu aliyetengeneza mashine. Hakuna ambaye angekufa.

Mimi nikasema, "Huku kwetu kila kitu kiko sawa, baba. Ni yeye hajatokea."

Mshenga akaweka soda yake chini.

"Hajatokea?" akauliza. "Majura? Nimeongea naye jana jioni mimi mwenyewe!"

"Labda ana shughuli," nikasema. Na ubaya wa mdomo wangu, nikaongeza, "Wengine wakifika Ulaya wanabadilika."

Loh! Kwa nini nilisema lile? Sijui mpaka leo. Uongo ukiutoa mmoja unaona baridi, unautafutia mwenzake wa kulala naye.

Mshenga akatoka nje kupunga hewa. Masanja bado yuko nyuma ya kompyuta, analinda nyaya. Na mimi naendelea na oke zangu, najifanya nasubiri.

Ndipo simu ya kaunta ikalia.

Nilijua. Kabla sijainyanyua nilijua. Ikalia tena. Bosi akanikodolea macho, kwani kazi ya kupokea simu ni yangu. Baba naye ananitazama. Nikanyanyua.

"Mwangaluka!" Sauti ya Majura, kwa kishindo chake kile kile, na nyuma yake kicheko. "Mbona siwaoni? Baba amefika? Nimekaa hapa na suti ya kuazima, tai inaninyonga!"

Ndugu msomaji, nilimjibuje?

Nikasema, "Samahani, umekosea namba." Nikakata.

Nikawageukia wazee. "Mtu amekosea namba," nikasema, na nikatabasamu. Nilitabasamu!

Simu haikulia tena. Baba alikaa kidogo, ananitazama usoni kwa namna ambayo sikuielewa. Kisha akasimama akafunga vifungo vya koti.

"Yatosha," akasema. "Masanja, toka huko nyuma. Twende nyumbani."

Mshenga alimkimbilia mpaka barabarani, "Mzee mwenzangu, mpe kijana nafasi," lakini baba hakugeuka. Mimi nilibaki mlangoni nimeshika kitambaa cha kufutia kompyuta, na unajua nilichokuwa nakiwaza? Afadhali sijaaibika. Hicho ndicho nilichokiwaza!

Jumatatu akaja mteja, mama mmoja muuza mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, anataka kuonana na kaka yake aliyeko Uingereza. Nikabonyeza. Kijisanduku kikatokea. Bosi akaniambia waziwazi, "Huyu akiondoka hajaonana na ndugu yake, wewe pia utaondoka." Kumbe kazi ilinitisha kuliko ndoa! Nikatoa kamusi kwenye mkoba, nikasoma. Taratibu, neno kwa neno, midomo ikicheza, mbele ya mama wa mabondo.

Kijisanduku kilikuwa kinasema cheti kilichotumika kimeisha muda, ondoa cha zamani, tumia kipya.

Basi! Kilikuwa kimeniambia tangu Jumamosi. Nilikuwa nakifunga mdomo kwa oke.

Nikaenda mahali kompyuta inapotunza vyeti. Nikavikuta viwili, vina jina moja, tarehe tofauti. Nikaangalia tarehe mara mbili nisije nikafuta kizima. Nikafuta kilichokufa, nikaizima kompyuta, nikaiwasha, nikaingia. Chai ya bosi ilikuwa bado ina moto. Kaka wa yule mama akatokea kwenye kioo anachekelea, meno yote nje, na mimi nikaangua kilio pale pale. Yule mama alidhani nalia kwa furaha yake. Akanibembeleza, akasema kweli mimi nina moyo wa huruma!

Jioni ile nikamtafuta Majura kupitia kijicho. Alitokea. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kuonana naye kwa mtambo ule. Suti hakuwa nayo tena, alivaa fulana tu, na mabega yametulia.

"Mshenga ameniambia sikutokea," akasema.

Nikamweleza yote. Cheti, kijisanduku, oke, wazee. Nikalia. Picha ikawa inakwama, nikamwona ameinamisha kichwa muda mrefu, sijui ni yeye au ni mtambo.

"Ungesema mtambo umekataa, ningecheka," akasema mwishoni. "Wewe umesema mimi ndiye niliyekataa. Na sauti yangu unaijua." Akainua kichwa, akasema, "Nenda kwa baba yako. Mweleze kama ulivyonieleza mimi. Ukifanya hivyo, mimi nimesahau."

Unaona huyo mtu? Hakunitukana. Alinipa mlango, nilichotakiwa ni kuingia.

Nikaomba ruhusa, nikapanda basi mpaka Kigongo, moyo mweupe, maneno nimeyapanga vizuri kichwani. Pantoni ikaja kutoka Busisi. Ikafungua mdomo, na wa kwanza kushuka walikuwa ng'ombe. Nikawatambua. Yule mwekundu mwenye pembe moja iliyoinama nilimtambua kabisa. Nyuma yao baba mdogo Masanja na fimbo yake, na miwani ya jua.

Kwetu ng'ombe wakirudishwa, maneno yamekwisha. Lakini walikuwa hawajafika. Walikuwa pale mbele yangu, wanatembea!

"Aah, fundi wetu!" Masanja akapaza sauti. Watu wote wa pale kivukoni wakageuka: wauza samaki, makondakta, abiria. "Jamani, huyu ndiye binti yetu wa kompyuta! Na hawa ndio ng'ombe wa yule Mjita aliyejificha! Mkamata kompyuta hawezi kuchezewa na mkagua samaki!"

Watu wakacheka. Mmoja akanipigia makofi. Masanja akanisogelea. "Unakuja kusema nini nyumbani, mwanangu?"

Sema! Nilijiambia, sema sasa hivi! Nikawatazama wale watu, wote wananitazama kwa heshima, mimi fundi, mimi binti wa kompyuta. Ng'ombe mwekundu akanipita akanigusa na ubavu.

"Nakuja kusalimia tu, baba mdogo," nikasema.

Ng'ombe wakapanda kuelekea barabarani. Mimi nikapanda pantoni, nikaenda nikasalimia, nikala, nikarudi. Majura hakupiga simu tena. Nilisikia alioa huko huko kwao Musoma aliporudi, na kwamba mkewe ni mtu wa kucheka sana. Na mimi nikaja kuolewa baadaye. Ya ndoa yangu sitasema mengi, maana mwenyewe anasoma magazeti.

Ungamo lingeishia hapo. Lakini juzi juzi nilikuwa Sengerema. Baba amezeeka sana. Mjukuu wake alimpigia simu ya picha, wakaongea, wakacheka, baba akaibusu simu. Ilipokatika akabaki ameishika.

"Yule Mjita," akaniambia ghafla, "ulimkatalia nini?"

Nikashtuka. "Mimi sikumkataa, baba. Si ulirudisha ng'ombe wewe?"

"Nilikuwa nimekaa karibu na simu siku ile," akasema. "Simu zile zilikuwa na kelele, hata aliyekaa pembeni anasikia. Mtu aliyekosea namba anatoa mwangaluka, anauliza kama baba amefika?"

Nikaziba mdomo kwa kiganja. Mimi, mwenye mdomo!

"Nikasema moyoni, mtoto wangu hamtaki kijana huyu, ila anaona haya kusema mbele ya wazee. Ametunga hila ya kompyuta. Basi nimsaidie. Ndiyo maana niliwarudisha ng'ombe upesi, wasije wazee wakakulazimisha." Akaigeuza simu mkononi. "Na walikuwa ng'ombe wazuri wale."

Ndipo nikamwambia. Nilipiga magoti nikamwambia yote, cheti na kijisanduku na oke. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ilikuwa kompyuta tu?"

"Ilikuwa kompyuta tu, baba."

"Ungesema hujui, ningengoja," akasema. "Ningerudi Jumamosi nyingine. Hata na nyingine." Akanirudishia simu. "Miaka yote hii nawaambia watu binti yangu ana akili, aliweza kumkataa mtu bila kumtukana. Kumbe hukuwa na akili. Ulikuwa na aibu."

Hayo ndiyo yangu. Nicheke, nimekupa ruhusa, ila ukimaliza kunicheka ujiangalie na wewe. Kijisanduku kikikutokea, usikibonyeze ili kiondoke. Kisome, hata midomo ikicheza, hata mkwe akiwepo. Usichokijua sema hukijui, kwani watu wanaokupenda wanajua kungoja kuliko unavyofikiri. Na simu ikilia, ukasikia mtu anakuamkia kwa salamu aliyojifunza kwa ajili yako, dada yangu, itikia.